Mkanda Uliopakwa Samli

Samli siili. Watu wa kwetu wananishangaa, maana sisi ni wafugaji, na mfugaji asiyekula samli huhesabiwa kuwa ana kasoro mahali. Nikiletewa ugali wa mtama uliomwagiwa samli juu naomba nibadilishiwe, hata mchuzi mtupu wa furu, visamaki vya ziwani, nitashukuru. Wanadhani najidai kwa sababu nilifanya kazi mjini. Sijidai. Kinachonishinda ni harufu, na harufu yenyewe naijua ilikoanzia. Ilianzia kwenye ghala moja la pamba pale Bunda, miaka ya vijiji vya ujamaa, nilipokwenda kutafuta sauti ya mtu aliyekufa.

Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini Musoma, mtaa wa Iringo. Miaka michache baada ya Uhuru ofisi hiyo ilipewa kazi ya kuzunguka vijijini na tepurekoda kubwa, kurekodi maneno ya wazee kabla hawajaondoka nayo: koo zilikotoka, mila za ndoa, namna ya kugawa mifugo. Ilikuwa kazi nzuri, nasema hivyo hata leo. Mikanda ilikuwa ya kahawia, imezungushwa kwenye spuli zenye upana wa sahani ya chakula, na kila mmoja ulikuwa na kibandiko chenye jina la mahali uliporekodiwa. Mimi nilikuja baadaye, nikakabidhiwa kabati la mikanda na ufunguo wake.

Mkuu wetu wa ofisi ndiye aliyezunguka na mashine siku zile. Alikuwa mtu wa kula. Aliletewa samaki, sato wa kukaanga, mezani kwake, akamlia juu ya mafaili, akafyonza mifupa mmoja mmoja na kuipanga kwenye sinia la barua zinazotoka. Akimaliza alifuta vidole kwenye pazia. Pazia la upande wake lilikuwa na doa linalong'aa, usawa wa mkono wa mtu aliyekaa, na nzi walilijua doa hilo vizuri. Nilipoingia na barua za kutiwa saini nilikuwa naangalia nje, nisimwangalie yeye. Nilimwona mchafu tangu siku ya kwanza, ila nilidhani uchafu wake unaishia kwenye mikono.

Kisha zikaletwa mashine mpya za kaseti, ndogo, za kubebeka kwa mkono mmoja. Spuli zetu hazikuweza kuingia humo hata kwa kulazimisha. Ikaja amri kwamba maneno yote yahamishwe kutoka kwenye mikanda mikubwa kwenda kwenye kaseti, halafu mashine ya zamani iondolewe. Mkuu alisema hiyo ni kazi ya kitaalamu, akaifanya mwenyewe, mlango umefungwa. Alimaliza upesi kupita kiasi. Akaandika taarifa kwamba kila kitu kimehama salama, akapongezwa, na mashine ya zamani ikapelekwa kwenye misheni moja nje kidogo ya Butiama, ambako padri aliihitaji kwa mazoezi ya kwaya. Kabati langu likajaa kaseti zilizopangwa vizuri. Hakuna aliyezisikiliza. Nani angezisikiliza? Tulikuwa tumeshapongezwa.

Siku shangazi yangu alipoingia ofisini, na mkamwana wake nyuma yake amebeba mtoto mgongoni, nilijua kuna jambo, kwa sababu shangazi hakuwa mtu wa kuja mjini. Walikuwa wametoka upande wa Buswahili, wamepanda lori la pamba, juu ya magunia, na nywele zao zilikuwa nyeupe kwa nyuzi.

Hapa lazima nieleze nyumba ya shangazi. Alizaa mabinti, wote wakaolewa, mtoto wa kiume hakupata. Kwetu mwanamke wa namna hiyo anaweza kuoa. Anatoa ng'ombe, analeta binti nyumbani awe mkamwana wake, binti anazaa, na watoto wanahesabiwa kuwa ni wa nyumba ya yule mama. Ndio watakaorithi zizi lake. Tunaiita nyumba ntobu. Watu wa pwani nikiwaeleza wananitolea macho, lakini kwetu ni jambo la kawaida kama kupanda mtama. Shangazi alioa kwa ng'ombe aliopewa na mumewe, na siku ng'ombe hao walipotolewa, mumewe alitamka mbele ya wazee kwamba nyumba ile ni ya mkewe, pamoja na ng'ombe watakaobaki, pamoja na watoto watakaozaliwa. Ofisi yetu ilikuwapo siku hiyo na mashine yake, ikarekodi.

Halafu mume akafa. Halafu ikaja amri ya kuhamia vijijini. Watu wakatolewa kwenye maboma yao, wazee waliosikia neno lile wakatawanywa huku na huko, wengine wakafa hata nyumba zao mpya hazijaezekwa. Ndipo shemeji yake, mdogo wa marehemu, akasema hakuna neno kama hilo. Alidai ng'ombe walikuwa wa kaka yake, binti aliletwa kwa ng'ombe wa kaka yake, kwa hiyo vyote ni urithi wake, binti akiwemo. Baraza la kijiji lilikuwa likae mwisho wa mwezi. Shangazi akishindwa, mkamwana angepelekwa kwa shemeji kuwa mke wa tatu, watoto wangemfuata mama yao, ng'ombe wangefuata watoto, na shangazi angebaki na vyungu vyake.

“Nimesikia wewe ndio unatunzaga zile sauti,” aliniambia. “Nitafutie ya mume wangu.”

Nilijisikia mtu wa maana. Nikafungua kabati, nikatoa kaseti yenye jina la boma lake, nikaitia kwenye mashine mpya. Nikamwekea shangazi benchi. Alikaa kwa heshima, mikono mapajani, khanga imefungwa vizuri kichwani, kama mtu anayesubiri mgeni aingie.

Kwanza tulisikia kelele ya mbali, kama watu wanaongea chumba cha tatu. Kisha, karibu kabisa, tukasikia mtu anatafuna. Alitafuna, akafyonza, akatema kitu kwenye bati. Akacheua. Kiti kikalia. Nje kuku akawika, na mtu yule akaimba kidogo wimbo wa dansi uliokuwa unapigwa redioni siku zile, mdomo umejaa. Maneno ya wazee yalikuwa nyuma ya meno yake, hayashikiki hata moja.

“Huyu ni nani anakula?” shangazi aliuliza.

Nilijaribu kaseti nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa hivyo. Mkuu wetu alikuwa ameziweka mashine mbili mezani zikitazamana, kubwa inasema na ndogo inasikiliza, kisha akaagiza chakula. Waya wa kuziunganisha ulikuwa bado ndani ya boksi la mashine mpya, kwenye nailoni yake, haujaguswa. Wazee wa wilaya nzima walikuwa wamegeuka kitoweo cha mtu mmoja.

Nikaenda kumuuliza mkuu iko wapi mikanda yenyewe, ile mikubwa. Hakuona haya. Alisema mikanda ilishamaliza kazi yake na imepangiwa matumizi mengine ya kujitegemea. Aliyenifumbulia maneno hayo ni mhudumu wa ofisi, aliyekuwa ameibeba mwenyewe kwa baiskeli. Mkuu alikuwa na shamba la mtama Buhare, na ndege walikuwa wanamsumbua.

Tulikwenda Buhare kwa miguu jioni hiyo, shangazi, mkamwana na mimi. Mikanda ilikuwa imefungwa kutoka mti hadi mti, kukatiza shamba lote, inametameta juani na kuvuma upepo ukipita. Ndiyo ilikuwa kazi yake, kuwatisha ndege. Ndege walikuwa wametua juu yake. Walikuwa wamejipanga, wameshiba, wanainyea. Mkamwana alishika kipande akakinyoosha kati ya vidole akitafuta maandishi, maana hakuna aliyemweleza kwamba sauti haisomeki, na sikuwa na moyo wa kumweleza wakati ule. Jua lilikuwa limeshaikausha, ikikunjwa inavunjika. Shangazi aliokota jiwe akawatupia ndege, kisha akageuka tukarudi.

Kilichotuokoa ni woga wa karani aliyenitangulia. Aliogopa moto. Zamani ofisi ilipokuwa na mashine kubwa mbili alinakili kila mkanda mara moja zaidi, na nakala hizo za akiba akazipeleka mbali na mji, kwenye ghala la pamba Bunda, kwa sababu ghala lile lilikuwa na kufuli na mlinzi. Nilikuwa nimesikia habari hiyo kwa juujuu tu siku ya kukabidhiwa. Mkuu ama aliisahau, ama Bunda ilikuwa mbali mno kwa mtu mvivu. Niliomba ruhusa ya ugonjwa, tukapanda basi la Bunda sote watatu.

Ghala la Bunda lilikuwa limejaa mbegu za pamba hadi juu. Joto lake lilikuwa la kupumua kwa shida. Mtunza ghala alikuwa mzee mchangamfu, mfugaji kama sisi, akatupokea kwa habari za mvua na za mifugo mpaka nikachoka. Nilipomwambia tumefuata mikanda ya sauti alifurahi sana. Alisema alikuwa anajiuliza lini watu wa Musoma watakuja kuona alivyoitunza. Akatupeleka nyuma kabisa, akavuta maboksi ya mbao, akafungua la kwanza.

Harufu ilinipiga kabla sijaona kitu. Ilikuwa samli iliyooza miaka, samli iliyochacha, ikageuka, ikachacha tena juu ya kugeuka huko. Spuli zilikuwa zimezama kwenye ute wa njano. Mende walikuwa wamekwama humo, wengine wazima, wengine miguu tu, na kulikuwa na manyoya ya panya yameganda kama kwenye ngozi. Boksi la pili lilikuwa na panya mwenyewe.

“Nilikuta zinakauka,” mzee alisema. “Ukamba ukikauka si unakatika? Basi kila masika nilikuwa nazipakaga. Samli ya kwangu nyumbani, sikuomba ya ofisi.”

Nilielewa mara moja, na kuelewa hakukunisaidia. Kwetu kamba ya ngozi, mkanda wa kufungia ndama, ngozi ya ngoma, chochote kirefu na chembamba ambacho hutaki kikatike, unakipaka samli. Baba yangu alifanya hivyo. Mtu yeyote wa kwetu, akipewa mikanda ya kahawia atunze miaka bila kuelezwa ni nini, angefanya vilevile, na angeifanya kwa upendo. Nilitaka kugomba nikakosa mtu wa kumgombeza. Nilitoka nje, nikainama pembeni ya magunia, nikatapika chai yote ya asubuhi.

Niliporudi nilimkuta shangazi anamshukuru yule mzee. Alimshukuru sawasawa, mikono miwili, kwa maneno yote ya kushukuru mtu aliyekulinda mali, na mzee akapokea kwa unyenyekevu. Nilikasirika naye. Njiani nilimuuliza kwa nini anamshukuru mtu aliyetuozesha mkanda. Alinijibu kwamba huyo ndiye mwanaume wa kwanza katika habari hii yote aliyejali.

Tulibeba spuli moja tu, ya boma lake, ndani ya sufuria yenye kifuniko, kwa sababu kondakta wa basi alikataa kuipakia ikiwa wazi. Hata na kifuniko abiria walifungua madirisha. Mama mmoja aliuliza kama tumebeba maiti ya mtoto. Mkamwana alimwambia hapana, ni chakula, na mama akahama kiti.

Padri wa misheni ya Butiama alikuwa mzee mpole mwenye kikohozi. Mashine yetu ya zamani ilikuwa kwake kweli, imefunikwa kitambaa safi, na nilipoiona nilitamani kuikumbatia. Alikubali tuitumie. Aliweka sharti moja, kwamba mkanda ule hauingii kwenye mashine ya kwaya yake mpaka usafishwe, na kwamba usafi wenyewe hautafanyika ndani ya nyumba. Akatupa kibaraza cha nyuma, karai na sabuni ya mche.

Basi tulikaa kibarazani. Mimi nilishika spuli yenye uchafu, shangazi akashika spuli tupu, na mkamwana akakaa katikati na pamba aliyotoka nayo nyumbani, mbichi, ya shamba lao. Mimi nalegeza, shangazi anazungusha, mkamwana anabana mkanda katikati ya mabonge mawili ya pamba yenye maji ya sabuni. Mkanda mzima ulikuwa upite kwenye vidole vyake. Pamba ilikuwa inageuka njano, kisha kahawia, anatupa, anachukua nyingine. Miguu ya mende ilibaki kwenye kucha zake. Nzi wa misheni nzima walihamia kwetu. Kila nilipofika kwenye bonge la samli iliyoganda ilibidi nilikwangue kwa ukucha, taratibu, nisikwaruze sauti, na samli ile iliingia chini ya kucha zangu ikakaa humo. Mtoto alikuwa analia mgongoni kwa mama yake kwa sababu ya harufu. Hakuna aliyepumzika. Chakula walichotuletea masista tulikiacha.

Mahali pawili mkanda ulikatika, nikauunga kwa gundi ya karatasi. Jua lilipoanza kuinama tulikuwa tumemaliza. Nikaupitisha kwenye mashine, nikabonyeza.

Mikwaruzo, kisha sauti. Ilitoka nzito na safi kuliko nilivyotegemea, kwa lugha yetu ya nyumbani, nami naiandika hapa kwa Kiswahili. Mume wa shangazi alisema nyumba hii ni ya mke wangu, ng'ombe hawa ni wake, binti huyu ni wake, atakachozaa ni cha nyumba yake. Akamuuliza mdogo wake kama amesikia. Mdogo wake, shemeji yuleyule, akajibu waziwazi kwamba amesikia. Wazee wakaitikia. Shangazi aliziba mdomo kwa khanga, machozi yakamtoka, na mimi pia nililia, na samli ikasahaulika kwa dakika hizo. Tulikuwa tumeshinda. Niliona tumeshinda.

Mkanda uliendelea. Tukasikia mirija ikigongwa kwenye mdomo wa chungu cha pombe. Tukasikia mkuu wangu, mara hii na tumbo tupu, anauliza kama nyama imeiva, kisha nyayo zake zikaenda. Hakukumbuka kuizima mashine. Wazee walikuwa wametoka kwenda kuwaangalia ng'ombe, kengele zao zilisikika mbali. Nikadhani ndio mwisho. Halafu mtu akaongea kwa kunong'ona, karibu sana na mashine, na sauti ilikuwa ileile.

“Usinune,” mume wa shangazi alimwambia mdogo wake. “Hayo nimesema kwa ajili ya wageni. Mwache afurahi, anipikie kwa amani. Nikifa, ng'ombe ni zako na yule binti ni wako.”

Shemeji alicheka. Kilikuwa kicheko kirefu, cha mtu aliyetolewa wasiwasi, na marehemu akacheka naye.

Nilinyoosha mkono kuzima. Shangazi akanishika kiganja, akanishikilia hivyo mpaka mkanda ulipoisha na ncha yake ikaanza kupigapiga. Uso wake haukuwa na huzuni. Ulikuwa uso wa mtu aliyekuta kitu kwenye uji baada ya kuumaliza.

Nilimwambia jambo hili linakatika. Mkasi na gundi kidogo, tunatoa kipande cha mwisho, tunakichoma, baraza linasikia neno la kwanza peke yake. Nilikuwa tayari kabisa na nisingeona aibu. Mkuu wangu alikuwa ameila sauti, ameianika kwa ndege, na mwenyewe marehemu aliigeuza uongo papo hapo. Kwa nini mimi ndiye nilaumiwe kwa mkasi?

“Usikate,” shangazi alisema. “Yule alicheka. Nataka ajisikie akicheka mbele za watu.”

Nikamkumbusha anachoweza kupoteza. Nikamwonyesha mkamwana, kwamba huyu ndiye atakayelala kwa yule mtu. Mkamwana alikuwa ananawa mikono karaini kwa mara ya nne au ya tano, na kwa kawaida hakuwa msemaji.

“Mama, na mimi nataka waisikie yote,” alisema.

Padri alituazima mashine pamoja na betri zake za tochi, ambazo wakati huo hazikuonekana madukani. Siku ya baraza niliiweka juu ya kiti kijijini, mbele ya mwenyekiti na wazee, na kijiji kizima kimesimama nyuma yao. Shemeji alikuja amevaa koti. Aliponiona na mashine alisita, kisha akakaa mbele kabisa, mguu juu ya mguu.

Neno la kwanza lilitoka. Wengi waliijua sauti ya marehemu. Wazee wawili walivua kofia. Shemeji aliposikia jibu lake mwenyewe, kwamba amesikia, alishusha mguu na jasho likamtoka, na kama ningekuwa nimekata mambo yangeishia hapo. Mkanda ukaendelea. Mirija, nyayo, kengele, mnong'ono. Kicheko.

Nilimtazama shemeji nikitarajia aibu. Nilitaka kuiona, nilikuwa nimeifulia mkanda siku nzima. Alichofanya ni kuinuka akiwa ameng'aa uso.

“Mmesikia wenyewe,” alisema. “Kaka amenipa. Mimi nilikuwa nimesahau, mashine imenikumbusha.”

Na akamshukuru shangazi, kwa heshima zote, kwa kumletea ushahidi. Damu ilinipanda. Nimemwona panya aliyeoza ndani ya samli, na nasema sijawahi kuona kitu kichafu kama tabasamu la mtu yule.

Mzee mmoja, mkubwa kuliko wote pale, aliomba mkanda urudishwe nyuma kidogo. Nikaurudisha. Akasikiliza amefumba macho, akaomba tena. Alikuwa anasikiliza mirija. Kwetu wazee hunywa chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na jambo linalozungumzwa liko hai mradi mirija iko chunguni. Likiisha kila mmoja anauvuta wake, anaugonga kwenye mdomo wa chungu, na shauri limefungwa. Mzee alisema amesikia mirija ikigongwa, kisha ndipo amesikia mnong'ono. Neno lililosemwa mirija ikiwa chunguni ni neno la wazee, hata msemaji akiwa anadanganya moyoni mwake. Linalosemwa mirija ikishatoka ni mazungumzo ya watu wawili, na hayamrithishi mtu hata mbuzi. Nyumba ya mama huyu inasimama, alisema, ng'ombe ni wake, mkamwana ni wake, watoto ni wake.

Wazee wengine wakaitikia. Mwenyekiti akaandika. Mkamwana aliketi chini ghafla, palepale kwenye vumbi, akamvuta mtoto kifuani. Ingekuwa vizuri habari iishie hapo, ila yule mzee alikuwa na la kuongeza, na aliliongeza huku anajichekea, kumpoza shemeji.

“Na wewe usione haya. Mnong'ono kama huo kila mwanaume hapa anao. Mashine ingewekwa nyumbani kwangu, mke wangu angenifukuza.”

Wanaume wakacheka. Walicheka kwa pamoja, wa mbele na wa nyuma, mwenyekiti kalamu mkononi, shemeji naye, na kilikuwa kicheko kilekile cha kwenye mkanda. Wanawake waliokuwa wamesimama nyuma hawakucheka. Nilimwona mmoja anamtazama mumewe kama anamwona leo. Nilizima mashine, ingawa ilikuwa imeshazimika, kwa kutaka tu mikono iwe na kazi.

Tulirudi nyumbani kwa shangazi, na majirani wakaanza kuja na maziwa ya kupongeza. Aliyapokea. Aliwakaribisha watu wote, akawapa viti, akaitikia baraka. Walipoondoka alimwita mkamwana, akanitaka na mimi nikae nisikie.

Alisema akifa asirudishwe kule kwenye boma la zamani akalazwe upande wa mumewe, kama desturi ilivyo. Azikwe hapahapa kijijini, mwisho wa shamba la pamba. Mkamwana aliogopa, akamuuliza atalala vipi peke yake, mke wa mtu.

“Nilimsikiliza akiwa hai,” shangazi alisema, “na leo nimemsikiliza akiwa amekufa. Imetosha.”

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akaona mtoto wa kwanza wa mkamwana anatoa ng'ombe zake mwenyewe. Alipokufa wanaume wa ukoo walikuja na majembe, wakataka tuanze safari ya kwenda kwenye boma la zamani. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa mwisho wa shamba la pamba. Walipouliza ni nani aliyeamua jambo hilo bila wao, mkamwana aliwaambia wakaiulize mashine.